Pigo la Pili

Nilikuwa na miaka minane, niko darasa la pili, siku baba yangu alipomvunja taya mwalimu wangu wa Shule ya Jumapili. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu kuna wakati nilisema vingine, na nilisema vizuri sana.

Tulikaa Bweri, Musoma mjini, kwenye nyumba ambayo upande wa nyuma ilikuwa bado haijapigwa plasta. Baba alikuwa na duka la dawa za mifugo Iringo. Asubuhi alipanda bodaboda kwenda, jioni bodaboda ilimrudisha. Kwao ni vijijini huko Butiama, watu wa ng'ombe, na fimbo aliyokuja nayo mjini aliiweka nyuma ya mlango wa sebuleni. Ng'ombe hatukuwa nao. Fimbo ilikuwa na kazi nyingine.

Kanisani baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukaa kiti cha mbele. Mimi nilikuwa mtoto wa kukariri. Kila Jumapili watoto tulipewa mistari ya kushika kwa moyo, na wiki inayofuata unaisema mbele ya wenzako. Mwalimu wetu alikuwa mshonaji, mwanamke mrefu ambaye hakuwa ameolewa, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Mtoto akikwama, alimpa neno moja tu, kisha akasubiri, hata kama wengine walikuwa wanacheka. Sikuwahi kumwona akimpiga mtoto.

Watu walidhani nakariri vile kwa sababu yake. Nilikariri kwa sababu ya baba. Jumamosi mchana alinisimamisha kando ya tangi la maji, yeye amekaa kwenye kigoda, Biblia iko wazi mapajani na fimbo imelala chini karibu na mguu wake. Nikiruka neno, fimbo moja kwenye mashavu ya miguu. Nikibadilisha neno, mbili. Tukimaliza alinifuta machozi kwa kiganja na kuniambia kesho nitawashinda wote. Na kweli niliwashinda. Nilipopigiwa makofi nilimtafuta yeye kwa macho, si mwalimu.

Mama alikuwa ndani akipika. Yeye naye alikuwa na alama zake, ila za kwake zilikuwa mgongoni.

Mwaka ule kanisa liligawanyika. Mchungaji wetu alitakiwa kuhama na mwingine akaletwa kutoka Bunda. Baba na wenzake walisema wa zamani haondoki. Wengine walisema wa zamani ametosha. Ilianza kwa maneno, ikaja kwa kusukumana mlangoni, halafu asubuhi moja tukakuta shemeji wa mchungaji mpya amepasuliwa kichwa kwa tofali na damu iko kwenye ngazi. Mwinjilisti aliimwagia maji, lakini saruji ilikuwa imeinywa. Sisi watoto tulikuwa tukiruka ile ngazi, hatukanyagi.

Mwalimu hakuwa upande wowote. Wote walimchukia kidogo kwa hilo. Alichotaka ni kwamba Sikukuu ya Watoto ifanyike kama ilivyopangwa, kwa kuwa watoto wa Bunda na wa Butiama walikuwa wameshaalikwa, na alikuwa ameshashona blauzi nyeupe na sketi za bluu kwa ajili yetu sote.

Siku ilipofika, mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Upande wa mchungaji mpya ndio walioufunga. Watoto wa Bunda walikuwa wameshashuka kwenye gari, wale wa Butiama nao wanapanguswa vumbi na mama zao. Mwalimu aliushika ule mnyororo, akauachia, akasema tutafanyia nje. Wazazi wakachimbia miti ya mkaratusi, wakafunga turubai, wakaweka spika moja na maiki iliyoazimwa shuleni kwetu. Baba alisaidia kuchimba mashimo. Alikuwa amevaa suti yake ya kahawia.

Zamu yangu ilikuwa ya nne. Nilipewa zaburi ndefu, na nilikuwa nimefika katikati wakati wanaume kama kumi walipoingia getini. Aliyewatangulia alikuwa muuza mbao, jirani yetu, mtu aliyekuwa akija kula kwetu Krismasi. Alisema hakuna mkutano wowote kwenye kiwanja hiki mpaka mambo yaamuliwe. Mwalimu alimjibu kwamba hawa ni watoto, wakimaliza wataondoka. Muuza mbao hakubishana naye. Alikuja mpaka miguuni pangu, akaushika waya wa maiki, akaung'oa.

Baba aliinuka kwenye kiti.

Mambo ya namna ile yakianza hayaanzi polepole. Baba alimpiga muuza mbao kofi, muuza mbao akamrudishia ngumi, na kabla sijajua niende wapi, kila mwanaume alikuwa ameshika mtu. Pembeni kulikuwa na rundo la mawe ya ujenzi. Yaliokotwa. Jiwe moja lilimpata mama mmoja wa Butiama kifuani, akakaa chini kama mtu aliyechoka. Nilimwona mzee aliyekuwa akitukusanyia sadaka akimkanyaga mtu kichwani, mara tatu, kwa kiatu cha Jumapili. Mti wa turubai ukaanguka, turubai likawafunika wale wadogo wa darasa la awali, likawa linatembea na kulia.

Mwalimu aliingia chini ya lile turubai kwa magoti. Alikuwa akiwatoa mmoja mmoja kwa kuwavuta mkono na kuwasukuma kwenye shamba la mihogo. Baba naye alikuwa ameung'oa mti mwingine, urefu wake kama yeye, una udongo mbichi kwenye ncha. Muuza mbao alirudi nyuma. Baba akauzungusha ule mti kwa mikono miwili kumlenga yeye, na wakati huohuo mwalimu akainuka, amebeba mtoto wa Bunda. Mti ukamkuta begani.

Hilo ni pigo la kwanza. Hilo naweza kumtetea baba mpaka leo.

Mwalimu alianguka na yule mtoto akabiringika. Muuza mbao alikuwa ameshakimbia. Mwalimu alimshika baba suruali, kwenye goti, akasema, "Mzee, watoto."

Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anampa mtu neno moja baada ya kukwama. Baba alimtazama. Nilikuwa karibu kiasi kwamba niliona jasho likidondoka kidevuni mwake. Alimtazama, akamjua, akaunyanyua mti tena na kuushusha usoni kwake.

Sauti ya mfupa siwezi kuieleza. Nilikuwa bado nimeshika maiki isiyo na waya.

Polisi walikuja na bomu la machozi. Watoto wa mikoa yote ya mbinguni, kama alivyokuwa akituita mwalimu, walikimbia kwenye mihogo wakijikuna macho. Yeye mwenyewe alipakiwa kwenye bodaboda, ameegemezwa katikati ya dereva na mama mmoja wa Bunda, kitenge kimefungwa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Miguu yake ilikuwa inaburuza. Baba alinishika mkono tukarudi nyumbani kwa miguu. Alinawa, akala ugali na sato aliyebaki jana, akamwambia mama suti ipelekwe kwa dobi.

Mwalimu alipelekwa hospitali kubwa Mwanza, taya likafungwa waya. Hakuweza kusema lakini aliweza kuandika, akamwandikia polisi kwamba aliyempiga ni baba. Baba alisema wapinzani wamemwandikisha. Alisema mwalimu alianguka kwenye ngazi. Waliokuwa upande wake walisema wameona hivyohivyo. Walio upande wa pili walisema wameona baba akimpiga hata mara tano, na wengine kati ya hao hawakuwepo. Basi ikaonekana aliyekuwa karibu kuliko wote ni mimi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, baba alinisimamisha kando ya tangi. Biblia haikuwepo. Fimbo ilikuwepo.

Alinipa maneno. Nilikuwa karibu na spika. Watu walianza kusukumana. Mwalimu alijikwaa kwenye kamba ya turubai akaangukia ngazi ya kanisa. Baba alikuwa getini anawaita watoto watoke. Sentensi nne. Kwa mtoto aliyekuwa akishika zaburi nzima, hizo zilikuwa si kitu, lakini siku ile zilinishinda. Kila nikifika kwenye kamba ya turubai, nilinyamaza. Alinichapa mpaka ngozi ya mguu wa kushoto ikapasuka. Siku ya tatu nilizisema bila kukosea. Alinifuta machozi kwa kiganja.

"Hapo sawa," alisema. "Hata mwenyewe utaona ndivyo ilivyokuwaga."

Kibaya ni kwamba kweli nilianza kuona hivyo. Nililala nikaota kamba, mguu wa mwalimu, ngazi. Niliamka nikaziamini.

Kituoni tulipokelewa na afande mwanamke wa dawati la watoto. Baba aliambiwa akae nje kwenye benchi, akakataa kidogo, akakaa. Mle ndani kulikuwa na meza, kabati la chuma na mdoli mmoja asiye na mkono. Afande aliniuliza niliona nini siku ile. Nikasimama wima, mikono nyuma, nikasema sentensi zangu nne. Akaandika. Akaniomba nirudie, maana hakusikia vizuri. Nikarudia. Akaniomba mara ya tatu, na safari hii hakuandika, alikuwa akifuata kwa kalamu kile alichokwisha kuandika. Kalamu ilipofika mwisho, nami nikafika mwisho.

Akaifunika. Akaniuliza kama mimi ndiye yule anayeshinda kukariri. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza sketi yangu alinishonea nani. Nikamwambia. Halafu, kama mtu anayeuliza habari za shamba, akasema, "Ile fimbo ya baba, siku hiyo alikuja nayo kanisani?"

"Hapana," nikasema. "Alimpiga na mti wa turubai."

Nikajisikia nimesema. Nikashika mdomo kwa mikono miwili, mkojo ukanitoka. Afande hakuinuka haraka. Alisubiri, kisha akaja akapiga magoti, akaitazama miguu yangu, alama mbichi na zile zilizopona zamani. Aliniambia tusikimbilie. Nikamweleza yote, la kwanza na la pili.

Sasa hapa sijui nani alikosea. Afande alitaka nisirudi nyumbani siku ile. Mkubwa wake alisema baba ni mtu anayejulikana, hatakimbia, na mtoto ana mama yake, aitwe kesho. Tukarudi. Baba alikuwa ameiona sketi yangu iliyolowa na alikuwa ameelewa.

Tulipoingia uani alifunga geti kwa kufuli. Fimbo hakuifuata. Alinishika nywele, akanipiga kichwa kwenye tangi, na tangi lilikuwa nusu, likatoa sauti ndefu. Alinipiga kwa ngumi kama anapiga mwanaume mwenzake. Alinipiga teke, nikaona ardhi na buibui mdogo akipita, nikawa namtazama yule buibui. Alikuwa akisema kwamba amenilea, amenifundisha, amenifanya mtu mbele za watu. Aliyasema hayo huku akilia. Hilo nalo nililisikia.

Mama alitoka jikoni na mchi wa kinu. Sikuwahi kumwona akimjibu baba hata kwa maneno. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka nyuma yake, akauinua, akampiga kwenye mkono, juu ya kiwiko. Baba akaniachia. Mkono ulining'inia vibaya. Mama akauinua mchi tena, akabaki ameushikilia juu.

"Funguo," alisema.

Baba alitoa funguo mfukoni kwa mkono uliobaki, akazitupa chini. Mama hakuinama kuzichukua. Aliniambia mimi nizichukue. Nilitambaa, nikazichukua, nikafungua geti, na yeye akatoka kinyumenyume, mchi bado uko juu. Tulitembea nao hadi stendi. Watu walitupisha.

Tulikwenda kwa bibi huko Murangi, upande wa mama, ambako watu ni wavuvi na wakulima na dagaa huanikwa hata kwenye njia ya kwenda kanisani. Nilikojoa damu siku nne. Jino la mbele ambalo halikuwa la utoto lilitoka, na halikurudi.

Mahakamani Musoma walinisikiliza kwenye chumba kidogo. Hakimu aliniuliza kama najua maana ya kusema kweli, nikajibu, nikaahidi kutosema uongo. Mkono wa baba ulikuwa kwenye plasta nyeupe ya hospitali. Nilisema vibaya sana. Nilirudi nyuma, nilisahau, nilichanganya geti na mlango, nikalia. Baba alifungwa miaka mitatu. Muuza mbao aliyeung'oa waya hakufungwa. Kanisa likawa makanisa mawili, moja lina jengo, lingine limeezekwa bati ng'ambo ya barabara, na yote yana Shule ya Jumapili yenye watoto wengi.

Nilidhani yameisha. Nilipofika kidato cha pili, kanisa la bibi lilikosa mtu wa kuwafundisha wadogo, na mtu akakumbuka kwamba mimi nilikuwaga mkali wa mistari. Nilikubali. Nilifanya kama mwalimu wangu alivyofanya, nikitoa neno moja na kusubiri. Kulikuwa na binti wa miaka sita, mtoto wa mama mwanika dagaa, aliyekuwa akitabasamu anapokwama. Jumapili moja alikwama mara ya tatu, akatabasamu. Mkono wangu ulikwenda. Sikuupeleka, lakini ulikuwa wangu. Nilimpiga mdomoni kwa nyuma ya kiganja, na alipofungua mdomo meno yalikuwa mekundu.

Hakulia. Alisimama wima, akaweka mikono nyuma, akaanza mstari upya, akausema wote bila kukosea neno.

Nilitoka nje nikatapika. Bibi aliponikuta hakunikemea wala kunifariji. Alinipeleka siku hiyohiyo kwa mama wa yule mtoto, akanisimamisha mlangoni, akasema nimweleze mwenyewe. Nilimweleza. Yule mama aliendelea kugeuza dagaa kwa reki. Mwisho alisema, "Mtoto wangu hataki kuja tena. Nikimlazimisha atakuja, lakini simlazimishi." Alisema tu hivyo. Tulirudi.

Wiki iliyofuata nilimwomba mama nauli nikaenda Bunda, ambako nilisikia mwalimu amehamia. Ana chumba cha kushonea karibu na soko, sare za shule zimening'inia mlangoni. Alikuwa amekonda. Taya liliunga kwa upande, kwa hiyo akizungumza maneno yanatoka pembeni na herufi nyingine hazitoki kabisa. Kuimba hakuimbi tena. Alinitambua kabla sijajitaja, akanikaribisha, akazima cherehani.

Nilimwambia kwamba mara ya kwanza kituoni nilisema uongo. Alisema anajua, afande alimweleza. Nilimwambia kuhusu yule binti wa Murangi. Nje mtu alikuwa akinadi mitumba. Nilitegemea atanishika bega, nikiri hivyo. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya lile bega.

"Baba yako alipotoka alikuja hapa," alisema, polepole, akilitafuta kila neno. "Alisimama hapo uliposimama. Sikumfungulia. Wewe nimekufungulia kwa sababu siku ile ulikuwa mtoto."

"Asante, mwalimu."

"Nisikilize. Ulikuwa mtoto. Sasa si mtoto."

Aliwasha cherehani. Nilibaki nimesimama, sijui niage au nikae. Baada ya muda alisukuma bunda la vitambaa vya bluu kuelekea upande wangu na kuniambia nikunje pindo, sentimita mbili, nisizidishe. Nilikunja mpaka mchana. Nilizidisha mara mbili, na mara zote mbili alifumua mwenyewe, akanirudishia.